Mtoto wa Mwezi wa Saba

Kasinem aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, kama kila siku. Alichochea moto, akabandika sufuria kubwa ya soya. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tempe. Soya ikishachemka humenywa, hupozwa, hutiwa hamira yake, kisha hufungwa kwenye majani ya mgomba na kuvundikwa. Baada ya siku mbili tatu punje hushikana, zikawa kipande kimoja cheupe. Soko zima la Karangsoko lilijua kwamba tempe ya Kasinem haina mpinzani. Mwenyewe alilijua hilo kuliko soko.

Mkwewe, Rumiyati, alikuwa amekaa kwenye kigoda akifunga majani. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Tumbo lilikuwa kubwa, ikambidi anyooshe mikono ili aifikie kazi.

"Mama, huyu leo anacheza mpira," alisema.

"Mwache acheze. Kesho anaogeshwa, atatulia."

Kesho yake ilikuwa siku ya mitoni, sherehe ya mwezi wa saba. Hapo kijijini mimba ya kwanza haipiti mwezi huo bila sherehe. Wanawake wazima humwogesha mjamzito kwa maji ya maua, humbadilisha nguo za batiki moja baada ya nyingine, na majirani hula wakashiba. Maana yake kila mtu anaijua. Mtoto amekamilika. Hata akizaliwa leo, ataishi.

Mwezi wa kuogopwa ni wa nane. Mwezi wa nane, wanasema, mtoto hugeuka akawa mchanga tena, na akizaliwa hapo hana maisha. Kasinem aliambiwa hivyo na mama yake, na mama yake aliambiwa na mama yake. Hakuna aliyewahi kuuliza wa kwanza aliambiwa na nani.

Sherehe ilifana. Bibi Tukinah, mkandaji wa kijiji, ndiye aliyemwaga maji ya kwanza. Rumiyati alitetemeka kwa baridi huku akicheka. Kisha wakaanza kumvika. Kila nguo ilipofungwa kiunoni, Bibi Tukinah aliwageukia watu akauliza kwa sauti kubwa:

"Imempendeza?"

"Bado!" wanawake walijibu kwa pamoja.

"Na hii?"

"Bado! Hiyo mvike mumewe!"

Paryono, mwana wa Kasinem na mume wa Rumiyati, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa seremala mwenye mabega mapana, mtu wa maneno machache. Alishikwa na haya akaingia ndani. Watu walicheka mpaka wakajipangusa machozi. Nguo ya saba ndiyo iliyompendeza, kama ilivyo kawaida, na chakula kikaanza kugawiwa.

Rumiyati alikaa na wageni. Aliposimama, nguo ile ya saba ilikuwa imelowa nyuma.

"Mama," alimnong'oneza Kasinem. "Nimelowa."

"Umemwagiwa mitungi mizima, ulitaka ukauke? Nywele zako hizo zinachuruzika. Nenda kabadilishe."

Alibadilisha. Jioni alibadilisha tena. Asubuhi alikuta mkeka umelowa, akauficha nyuma ya mlango kwa aibu. Mwanamke mzima, tena jana tu ametukuzwa mbele ya kijiji, leo anakojoa kitandani! Alimngoja mumewe aende kazini ndipo akamwambia mama mkwe. Akamwambia pia kwamba kiuno kinamuuma. Maumivu yanakuja, yanaondoka, yanakuja tena.

Kasinem hakushtuka.

"Mtoto amekamilika, anakulalia kibofu," alisema. "Sote tulipita hapo. Nitamwita Bibi Tukinah akukande kidogo."

Akachukua zile nguo zilizolowa, akazisuuza, akatoka kuzianika. Hakuwa mtu mbaya, na alimpenda sana mkwewe. Alijibu alichofundishwa.

Hazijapita dakika nyingi, pikipiki ikasimama nje. Alikuwa Winarsih, mkunga wa kituo cha afya. Siku ya sherehe alikuwa akizalisha kijiji cha pili, kwa hiyo sehemu yake ya chakula ilikuwa imewekwa.

"Hodi, Mama Kasinem! Nimefuata haki yangu. Na tempe uniongezee."

"Karibu, dada mkunga. Haki yako ipo, ila kuku ameshapungua mguu. Uliza panya."

Winarsih alicheka. Kisha akatazama kamba ya nguo. Aliitazama muda mrefu kidogo.

"Nguo za sherehe si mlizifua jana? Nilipita hapa jioni nikaziona."

"Tulizifua."

"Na hizi?"

"Za leo. Rumiyati analowa lowa. Si unajua tena, mtoto ameshuka."

Winarsih aliacha kucheka. Hakusubiri kukaribishwa, akaingia ndani moja kwa moja. Rumiyati alikuwa amejilaza ubavu mkekani, mkono kiunoni.

"Mdogo wangu, maji yanatoka kidogo kidogo? Unaweza kuyazuia kama unavyozuia mkojo?"

"Siwezi, dada. Yanakuja tu yenyewe."

"Yana harufu ya mkojo?"

Rumiyati aliinamisha uso. Hakuwahi kuyanusa. Winarsih alimpa kitambaa safi kikavu, akamwambia akiweke kama wakati wa hedhi, alale kidogo, kisha asimame. Aliposimama kitambaa kilikuwa chepechepe. Hakikuwa na harufu ya mkojo hata kidogo. Winarsih alimpima joto la mwili, akaweka kiganja juu ya tumbo na kungoja. Tumbo lilikaza likawa gumu, kisha likalegea.

"Mama Kasinem, njoo ukae," alisema. "Chupa ya uzazi imepasuka. Haya si maji ya kuoga, wala si mkojo. Ni maji ya mtoto. Na uchungu umeanza kunyemelea. Lazima aende hospitali kubwa ya mkoa, sasa hivi."

"Hospitali! Wakamfanye nini?"

"Wajaribu kumfanya mtoto akae tumboni siku chache zaidi. Na wampe sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto."

Kasinem alikuwa ameshaketi. Akasimama.

"Akae tumboni? Dada mkunga, mwezi wa saba unaisha! Wakimzuia ataingia wa nane. Si mtaniulia mjukuu? Kama anataka kuja, aje leo, hapahapa, wakati amekamilika. Bibi Tukinah yupo, na wewe upo."

Mwingine angemcheka. Mwingine angemwita mshamba, na maneno yangeishia hapo, na Rumiyati angebaki mkekani. Winarsih alikuwa mtoto wa kijiji hichohicho. Yeye mwenyewe aliogeshwa kwa maji ya maua. Alitazama huku na huku, akaona matenga ya tempe yamepangwa ukutani.

"Tempe uliyofunga jana ni ipi?"

"Hiyo ya chini. Usiifungue, utaiharibu!"

"Punje zote zimo?"

"Zimo zote. Kwani mimi mwizi?"

"Basi niuzie kipande, nikikate nikaange."

"Utakata nini, mwanangu? Itamwagika. Haijashikana bado."

"Haya. Na mtoto wa miezi saba ni hivyohivyo, mama. Vidole vipo. Kucha zipo. Nywele zipo. Ukimtazama kwa nje unasema huyu tayari. Lakini mapafu yake bado. Mapafu ndiyo hukomaa mwishomwisho. Kuna utelezi ndani yake unaoyafanya yafunguke kila anapovuta hewa. Kabla ya wakati utelezi huo ni kidogo mno. Mapafu yananata. Mtoto anavuta hewa kwa nguvu, kifua kinabonyea, mbavu zinaonekana. Kila pumzi anaguna. Mwishowe anachoka."

Kasinem alimwinamia Rumiyati. Akamshika bega.

"Anagunaje?" aliuliza.

Winarsih aliguna kwa sauti ndogo, mara mbili tatu, kama mtoto anavyoguna.

Kasinem alikaa chini. Alikaa sakafuni, si kwenye kigoda. Rumiyati alifikiri mama mkwe ameanguka, akataka kuinuka.

"Lala," alisema Kasinem. Kisha akasema na mkunga, bila kumtazama. "Kabla ya Paryono nilizaa msichana. Alikuwa na kucha, nzuri kabisa. Wakasema amekamilika, msiwe na wasiwasi. Tukamfunga vizuri. Aliguna hivyo tangu asubuhi. Ilipoadhiniwa adhuhuri alikuwa amenyamaza. Nikafikiri amelala."

Winarsih aliketi sakafuni kando yake.

"Wakaniambia nimekosea kuhesabu. Wakasema huyo alikuwa ameshaingia mwezi wa nane, ndiyo maana. Mama mkwe wangu alinilaumu mpaka anakufa. Kwamba sijui hata kuhesabu mimba yangu."

"Na wewe ulihesabu mingapi?" Winarsih aliuliza taratibu.

"Saba."

"Basi ilikuwa saba. Hukukosea, mama. Alikuwa mtoto njiti, na mapafu yake yalikuwa bado. Angepita mwezi wa nane akafika wa tisa, mapafu yangekomaa. Mwezi wa nane ni bora kuliko wa saba. Kila siku anayoipata tumboni bila ugonjwa ni faida yake. Hakuna mtoto anayerudi nyuma."

"Lakini mume wangu alizaliwa wa miezi saba. Aliishi akazeeka, tena mkorofi."

"Wapo wanaoishi. Hao ndio tunaowaona, ndio tunaowasimulia. Wale wengine tunawazika halafu tunasema hesabu ilikosewa."

Kasinem alilia. Alilia kwa ajili ya yule msichana, baada ya miaka yote ile, kwa sauti, kama mtu aliyepewa habari za msiba asubuhi hiyo. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya nguo.

"Hiyo sindano unayo?"

"Dawa inaweza kupatikana. Lakini sitamchoma hapa. Sindano peke yake haitoshi. Lazima kwanza wahakikishe umri wa mimba, na kwamba hana maambukizi tumboni. Na mtoto akizaliwa awe mahali penye joto, penye hewa ya kusaidiwa, penye watu wanaojua kumlea njiti. Hapa hatuna. Dawa itolewe mahali ambapo mtoto atapokelewa."

"Basi tunangoja nini?" alisema Kasinem.

Winarsih alipiga simu mara mbili: moja kwa gari la wagonjwa la kijiji, moja hospitali ili wajiandae. Rumiyati alilazwa ubavu wa kushoto. Paryono aliletwa kutoka karakana, vumbi la mbao bado kichwani. Wakati wanamtoa Rumiyati mlangoni, Bibi Tukinah alikuwa anaingia na chupa yake ya mafuta.

"Mnampeleka wapi? Jana tumemwogesha, leo mnamkimbiza? Mtamtia nuksi mtoto!"

"Hospitali," alijibu Kasinem. "Mafuta yako yaweke, bibi. Leo haguswi tumbo."

Bibi Tukinah alibaki uani na chupa yake mkononi. Tangu aolewe kijijini hapo, Kasinem hakuwahi kumjibu hivyo.

Hospitali, daktari aliyewapokea aliitwa Hapsari. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Walimpima Rumiyati damu na joto, wakamwangalia mtoto kwa kipimo cha picha. Mtoto alikuwa hai, moyo unapiga vizuri, na umri ulikuwa uleule: mwezi wa saba haujaisha.

"Hana homa, na hatuoni dalili ya maambukizi," alisema daktari. "Tutampa dawa ya kuzuia maambukizi, kwa sababu chupa ikiwa wazi vijidudu hupata njia. Tutampa dawa ya kutuliza uchungu kwa muda. Na tutaanza sindano za kukomaza mapafu. Ni dawa ya jamii ya steroidi. Anachomwa mama, dawa inapita kwenye damu yake mpaka kwa mtoto."

"Haitamdhuru?" aliuliza Rumiyati. Ndilo neno la kwanza alilosema tangu waondoke nyumbani.

"Imetumika kwa akina mama wengi, miaka mingi, na faida yake inajulikana. Inapunguza shida ya kupumua. Inapunguza pia hatari ya kuvuja damu kwenye ubongo wa mtoto. Sukari yako inaweza kupanda kidogo kwa siku chache, tutakuwa tunaipima. Sindano ni nne, asubuhi na jioni, kwa siku mbili. Hufanya kazi vizuri zaidi zikimalizika kabla hajazaliwa. Lakini hata ikiwahi moja tu, ni afadhali kuliko kukosa."

Paryono alisoma jina la dawa kwenye kichupa. Uso wake ulibadilika.

"Daktari, hii si ndiyo vidonge wanavyouza dukani? Sisi maseremala tunameza mgongo ukiuma. Kama ndiyo hiyo, si ningemnunulia tangu mwanzo?"

"Ungemwumiza," alisema daktari. "Kwanza na wewe acha kuvimeza hovyo, vinakula mifupa na tumbo. Pili, dawa hii kwa mjamzito ina kipimo chake na wakati wake. Anapewa yule ambaye tunaona atajifungua karibuni, tena mtoto akiwa bado mchanga. Hapewi kila mwenye mimba. Hairudiwi rudiwi. Na hapewi mwenye maambukizi tumboni. Dukani nani atakupimia hayo?"

Paryono alitazama chini. Vidonge viwili vilikuwa mfukoni mwake saa ileile. Alivitoa, akavitupa kwenye pipa la takataka.

Sindano ya kwanza ilichomwa pajani. Kasinem aliitazama. Kitu kidogo hivyo! Alikuwa ametarajia chombo cha ajabu.

Kisha wakangoja, na kungoja huko kulimshinda nguvu. Kila Rumiyati alipokunja uso, Kasinem alisimama. Alisali sala zote alizozijua. Alimwambia mtoto moyoni: kaa. Kaa hapohapo. Asubuhi tu alikuwa akimwambia toka.

Jioni ya siku ile aliletwa mama mwingine wodini, msichana kutoka milimani. Alikuwa amejifungulia njiani, mimba ya miezi saba. Kwao walikuwa wamekaa naye nyumbani na uchungu siku nzima, wakisema hakuna haraka, mtoto amekamilika. Madaktari walimkimbiza mtoto ndani. Asubuhi mama yule alirudi kitandani mikono mitupu. Hakuwa na ndugu pale. Kasinem alikwenda akamfunika shuka, akakaa naye. Hakumwuliza alihesabu miezi mingapi.

Rumiyati alipata sindano zote nne. Uchungu ulitulia, ukarudi usiku wa siku ya tatu, na safari hii hakukuwa na wa kuuzuia. Mtoto alizaliwa asubuhi. Alikuwa msichana, mdogo, anaenea kwenye viganja viwili. Alilia kwa sauti nyembamba kama ya paka, lakini alilia.

Kasinem alisimama nyuma ya kioo. Macho yake hayakutoka kwenye kifua cha mtoto. Kilikuwa kinabonyea kidogo. Akashika ukuta.

"Anaguna!" alimwambia muuguzi. "Jamani, anaguna!"

"Kidogo tu, bibi. Tunamwekea hewa puani iyasukume mapafu yabaki wazi. Angekosa zile sindano, ingetubidi tumwingizie bomba kooni, na sijui kama lingetosha. Huyu anapumua mwenyewe. Mtazame."

Kasinem alimtazama. Adhana ya adhuhuri ilisikika kutoka nje. Alifumba macho mpaka ilipokwisha. Alipoyafumbua, kifua kile kilikuwa bado kinapanda na kushuka.

Siku zilizofuata hazikuwa rahisi. Kuna siku mtoto alisahau kupumua, muuguzi akamkuna unyayo akakumbuka. Kuna siku alipungua uzito, na Rumiyati akalia. Daktari Hapsari hakuwadanganya. Aliwaambia sindano si hirizi. Imempa mtoto nafasi, na nafasi hiyo inahitaji joto, maziwa na usafi. Rumiyati alikamua maziwa, mtoto akanyweshwa tone kwa tone kwa mrija. Alipotulia, alivuliwa nguo akabaki na nepi na kofia, akawekwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa kitambaa. Hapo ndipo alipopata joto zaidi kuliko kwenye mashine ya joto.

"Na mimi naruhusiwa?" aliuliza Kasinem.

"Oga vizuri, kisha njoo," alisema muuguzi.

Kasinem alimbeba kifuani mwake mchana mzima. Alihisi pumzi ndogo zikimgonga ngozi. Hakusinzia. Walipomwambia apumzike, alisema hajachoka, na alikuwa anasema uongo.

Walirudi Karangsoko mtoto akiwa ananyonya mwenyewe. Wakampa jina Pinasti. Kasinem alipika, majirani wakaja. Nyumba ilijaa, watu wakapokezana kumchungulia mtoto kifuani kwa mama yake. Hakuna aliyeruhusiwa kumshika kabla hajanawa.

Bibi Tukinah alimtazama mtoto kwa furaha ya kweli, akawageukia watu.

"Mnaona? Mnaona wenyewe! Niliwaambia. Mtoto wa mwezi wa saba amekamilika. Tulimwogesha, akazaliwa, huyu hapa mzima!"

"Kweli kabisa!" walijibu wanawake. "Wa saba ana nguvu! Angekuwa wa nane asingeishi!"

Watu walifurahi. Walikuwa wanasema maneno mazuri, ya kubariki. Rumiyati alimtazama mama mkwe wake. Ingekuwa rahisi kutabasamu na kuongeza wali.

Kasinem aliweka sinia chini.

"Hapana," alisema. "Msiseme hivyo ndani ya nyumba hii."

Kelele zilipungua.

"Huyu hakuwa amekamilika. Nilimwona mimi. Mapafu yake yalikuwa bado. Anaishi kwa sababu dada mkunga aliziona nguo kwenye kamba, na mama yake akachomwa sindano kabla hajazaa, na akazaliwa mahali penye watu wa kumpokea. Mimi nilikuwa namwambia azaliwe hapa, siku ileile. Kwa maneno hayohayo mnayoyasema. Ningemwua kwa kumpenda."

"Kasinem, leo ni siku ya furaha," alisema Bibi Tukinah.

"Ni siku ya furaha, bibi, na chakula kipo, kuleni. Na tutaendelea kuwaogesha mabinti zetu kwa maua, mimi mwenyewe nitachota maji. Lakini mnamjua mwanangu wa kwanza. Mlikuja kuzika. Mliniambia nilikosea kuhesabu. Sikukosea. Alikuwa wa saba. Wangapi hapa waliambiwa walikosea kuhesabu?"

Karibu na mlango mwanamke mmoja mtu mzima aliweka sahani yake chini. Kisha mwingine, jirani wa miaka mingi, alijifunika uso kwa shela. Bibi Tukinah alitazama mmoja baada ya mwingine. Wote aliwakanda yeye walipokuwa na mimba. Mwishowe akaketi.

Kati ya wageni alikuwepo Yatmi, binti mdogo wa nyumba ya tatu, mjamzito wa mara ya kwanza. Sherehe yake ilikuwa imebaki wiki chache. Alisogea polepole mpaka karibu na Kasinem.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hayo maji ya mtoto nitayajuaje? Na yakitoka nimwite nani?"

Kasinem alimvutia kigoda.

"Kaa hapa, mwanangu," alisema. "Kaa, nikuambie yote."

Na wanawake wengine wakasogea, kila mmoja na sahani yake, wakasikiliza.